Utenzi wa Hemedi na Jina la Vita vya Mrima

Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wake. Ama baada ya hayo:

Vita vilivyopiganwa Pangani, Bagamoyo na Saadani kati ya mwaka 1888 na 1890, Wajerumani waliviita "uasi wa Waarabu". Wapo miongoni mwetu wanaolikariri jina hilo bila kulipima. Mwanachuoni wetu wa pwani, Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aliwatungia vita hivyo utenzi unaojulikana kwa jina la Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Kutamalaki asili yake ni "mulk", nako ni kujimilikisha. Katika anwani hiyo mwenye kutenda ni Mdachi, na mwenye kutendewa ni Mrima. Jina, basi, ni hukumu.

Tulipime kwa fiqhi. Mwasi (baghi) ni Muislamu anayemtokea imamu wa haki. Je, Kampuni ya Kijerumani ilikuwa imamu? Atasema msemaji: Sultani Khalifa aliridhia mkataba wa Aprili 1888. Naam, lakini mkataba ule uliipa Kampuni utawala wa pwani na ushuru kwa miaka 50, kwa jina la Sultani. Huo ni uwakala, si umiliki. Bendera ya Kampuni ilipopandishwa Pangani mwezi Agosti, wenyeji waliona wakala amejifanya mwenye mali.

Na neno "Waarabu" nalo halisimami. Abushiri bin Salim alikuwa Mwarabu, lakini Bwana Heri wa Saadani aliwaongoza Wazigua, na aliendelea kupigana hata baada ya Abushiri kunyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Hata hivyo, utenzi si fatwa, na wanafunzi wetu hukosea wanapoufanya hivyo. Vita kutokuwa uasi hakuhalalishi kila kilichotendwa ndani yake. Bagamoyo, misheni ya Wakatoliki iliachwa salama, raia wakakimbilia humo. Pugu, Januari 1889, wamisionari waliuawa. Ilhali Abubakar (r.a.) aliliusia jeshi lililokwenda Sham lisiwaguse watawa. Aliyeihifadhi misheni ya Bagamoyo alifuata wasia huo. Waliomwaga damu Pugu waliukhalifu, nasi hatuna ruhusa ya kuwatetea kwa sababu tu ni wetu.

Basi mwalimu na alifundishe somo hili kwa jina la Hemedi na kwa mizani ya Abubakar, vyote viwili pamoja.

Wallahu a'lam.