Mahali pa Kiungo: Uhakiki wa Uunganishaji wa Laha za Mitindo na Nyaraka za XML kwenye Seva

Pendekezo la W3C la Juni 1999 kuhusu kuunganisha laha za mitindo na nyaraka za XML ni fupi, na wepesi wake ndio uliolieneza. Mwandishi huweka mwanzoni mwa waraka, kabla ya elementi ya mzizi, agizo liitwalo xml-stylesheet, linalotaja anwani ya laha na aina yake. Pendekezo lenyewe lilitahadharisha kwamba matumizi ya agizo la namna hiyo yasichukuliwe kuwa kielelezo cha kufuatwa baadaye.

Zana za kugeuza nyaraka kwenye seva zilirithi agizo hilo pamoja na udhaifu wake. Apache Cocoon, katika toleo la kwanza, ilitegemea maagizo yaliyomo ndani ya waraka ili kujua laha ipi ya XSLT itumike. Waraka uliotakiwa kutolewa kwa sura mbili, moja ya kompyuta na nyingine ya simu, ulibeba maagizo mawili yasiyohusiana hata kidogo na maana yake. Laha ilipohamishwa, kila waraka ulihitaji kuhaririwa. Toleo la pili lilihamishia mamlaka hayo kwenye sitemapu, yaani faili linalolinganisha anwani iliyoombwa na mfululizo wa hatua: kusoma, kugeuza, kutoa. Hapo ndipo usanifu ulipokomaa.

Hata hivyo, sifa hiyo ina mpaka. Waraka usio na agizo, ukiondolewa kwenye seva yake, hausemi ulikusudiwa kusomwa kwa sura gani. Kwa nyaraka za sheria jambo hili si dogo. Akoma Ntoso, muundo wa XML ulioanzia katika mabunge ya Afrika na kuidhinishwa na OASIS kuwa kiwango mwaka 2018, hutenganisha maudhui na sura. Bunge likihifadhi XML tupu na kumwachia mkandarasi sitemapu, limehifadhi maneno ya sheria. Namna ya kuonyesha majedwali na marekebisho huondoka na mkataba. Kurudisha agizo ndani ya waraka nako si dawa: mwaka 2025 watengenezaji wa Chrome walitangaza mpango wa kuiondoa XSLT katika kivinjari chao. Kinachohitajika ni laha na sitemapu kukaa katika hifadhi ileile ya nyaraka, kila toleo likiwa na tarehe yake, na sharti hilo liandikwe katika mkataba wa ununuzi kabla mkandarasi hajalipwa.