Nani Mwandamanaji? Uhakiki wa Habari za Bomba la Standing Rock

Mhakiki wa fasihi hufundishwa kuuliza maswali manne kabla ya kuihukumu hadithi: nani anayeisimulia, inaanzia wapi, wahusika wake wamepewa majina gani, na inakwishia wapi. Habari ya gazetini nayo ni hadithi, ingawa mwandishi wake hudai kwamba hakuongeza wala kupunguza. Nia ya makala haya ni kuyaelekeza maswali hayo kwenye habari zilizoandikwa Marekani mwaka 2016 na 2017 juu ya watu wa Standing Rock na bomba la mafuta liitwalo Dakota Access. Sisi walimu wa Kiswahili jambo hili linatuhusu, kwa kuwa habari za namna hiyo hutufikia kwa tafsiri, na tafsiri hurithi kasoro za asili yake, pengine hata kuzizidisha.

Yafaa kwanza tukumbuke mambo yenyewe yalivyokuwa. Bomba hilo, lenye urefu wa karibu kilomita 1,900 na lililogharimu dola bilioni 3.8, lilikusudiwa kusafirisha mafuta ghafi kutoka North Dakota hadi Illinois. Njia yake hupita chini ya Ziwa Oahe katika mto Missouri, mwendo usiofika kilomita moja kutoka mpaka wa ardhi ya Standing Rock, ambayo watu wake hutegemea maji ya ziwa hilo. Awali ilifikiriwa njia nyingine, kaskazini ya mji wa Bismarck, lakini ikaachwa. Na miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kuvilinda visima vya maji ya mji huo. Kambi ya kwanza ya upinzani ilipigwa Aprili 2016, na kabla ya mwaka kwisha maelfu ya watu walikuwa wamekusanyika hapo.

Tuanze na msimulizi. Kwa miezi ya mwanzo vyombo vikubwa vya habari havikujishughulisha sana na kambi ile. Tarehe 3 Septemba, matingatinga yalipolima mahali ambapo siku moja tu kabla wenyeji walikuwa wameiarifu mahakama kwamba pana makaburi, walinzi wa kampuni waliwatumia mbwa dhidi ya waliojaribu kuwazuia. Mtangazaji Amy Goodman alikuwapo na kamera zake, na picha hizo zikaenea duniani. Malipo yake yalikuwa hati ya kukamatwa, na baadaye shtaka la kushiriki ghasia, ambalo jaji alilikataa tarehe 17 Oktoba. Tazama basi: msimulizi aliyesimama pamoja na wenyeji aligeuzwa mtuhumiwa, hali yule aliyenakili taarifa ya polisi ofisini alihesabiwa kuwa shahidi asiyependelea upande. Mwamba ngoma huvutia kwake. Lakini hapa upande mmoja ulivuta ngozi huku ukiambiwa haukuigusa.

La pili ni mwanzo. Habari nyingi zilianza na kambi, kana kwamba ugomvi ulizaliwa mwaka 2016. Wenyeji waliuanzisha kwingine: kwenye mikataba ya Fort Laramie ya mwaka 1851 na 1868, na kwenye bwawa la Oahe, lililojengwa na jeshi la wahandisi wa serikali kati ya 1948 na 1962, likazamisha ardhi yao bora ya bondeni. Msomaji aliyeanzia 2016 aliona watu wanaozuia kazi halali ya wengine. Aliyeanzia 1868 aliona watu waliokwisha kupokonywa mara kadhaa, nao wanaambiwa wavumilie mara moja tena. Mambo ni yale yale. Hukumu imebadilika kwa kusogeza ukurasa wa kwanza.

La tatu ni majina, na hapa ndipo ilipo kazi yetu hasa. Watu wale walijiita walinzi wa maji. Magazeti yaliwaita kwa neno ambalo sisi hulitafsiri waandamanaji. Neno hilo limetokana na kuandama, yaani kufuata. Mwandamanaji ni mtu aliyetoka kwake akafuatana na wenzake njiani. Lakini wengi wa watu wa Standing Rock hawakutoka kwao: walikaa, na bomba ndilo lililowafuata. Usiku wa tarehe 20 Novemba polisi waliwamwagia watu maji katika baridi ya kugandisha, na taarifa yao ikaliita tukio hilo ghasia. Anayelinukuu neno hilo bila kutaja aliyelisema amekwisha kutoa hukumu.

Tusiwacheke wenzetu, kwani na sisi tuna yetu. Vitabu vyetu vimewaita watu hawa Wahindi Wekundu, jina lililojengwa juu ya kosa la baharia aliyepotea njia, tena likapakwa rangi. Na mwanafunzi akitaka kuitafsiri ardhi waliyobakiziwa, huenda akaandika hifadhi, asitambue kwamba amewaweka watu pamoja na tembo na twiga. Eneo walilotengewa ni maneno marefu zaidi, lakini ni ya kweli zaidi.

Haki inatudai tuwakosoe pia waliowaonea huruma wenyeji. Wengi wao walipenda ngoma, manyoya na farasi, wakawafanya wenyeji sanamu za hekima ya kale. Hali watu hao walikwenda mahakamani Julai 2016 wakiwa na mawakili na hoja za sheria ya mazingira na ya urithi wa kale. Na wenye bomba nao walikuwa na hoja zilizostahili kujibiwa: kwamba kulikuwa na ajira, kwamba mafuta yaliyosafirishwa kwa treni yana hatari yake, na kwamba Septemba mwaka huo jaji alikataa kuisimamisha kazi. Sifa zisizojibu hoja hazimsaidii anayesifiwa.

La nne ni mwisho. Tarehe 4 Desemba 2016 jeshi lilikataa kutoa kibali cha kupita chini ya ziwa. Vichwa vya habari vikatangaza ushindi, na kamera nyingi zikaondoka. Januari 2017 rais mpya aliagiza jambo hilo liharakishwe, Februari kibali kikatolewa na kambi ikavunjwa, na Juni mafuta yakaanza kupita kibiashara. Mwaka 2020 jaji aliagiza uchunguzi kamili wa mazingira, kisha akaamuru bomba lifungwe. Mahakama ya rufaa ikaizuia amri ya kufunga. Wangapi waliosoma juu ya ushindi walisoma na haya?

Katika Februari 2017 taasisi ya Pew ilipima maoni ya Wamarekani: asilimia 48 walilipinga bomba, asilimia 42 waliliunga mkono. Takwimu hizo ni za kweli kama takwimu. Lakini maoni ya umma ni mavuno, na mavuno hufuata mbegu. Aliyesimuliwa nusu ya hadithi hujibu kwa nusu hiyo.

Kwamba njia nyingine ipo, Kanada ilionyesha mapema. Mwaka 1974 Jaji Thomas Berger aliteuliwa kuchunguza bomba la gesi lililokusudiwa katika bonde la Mackenzie. Alikwenda katika vijiji na miji midogo 35, akawasikiliza watu kwao, na redio ya taifa ikatangaza ushahidi wao kwa Kiingereza na kwa lugha zao wenyewe. Ripoti yake ya 1977, iliyoshauri ujenzi bondeni uahirishwe kwa miaka 10, iliita kaskazini kwa majina mawili katika kichwa kimoja: pembe ya nchi kwa wageni, nyumbani kwa wenyeji. Hapo msimulizi hakuficha kwamba ngoma ina pande mbili.

Sisi wa Afrika Mashariki, tunaosikia kila siku habari za bomba la kutoka Hoima hadi Tanga, kilomita 1,443, hatuna udhuru wa kuyaona haya kuwa ya mbali. Mwalimu na achukue habari moja ya bomba lolote, awape wanafunzi maswali yale manne, kisha awaambie waiandike upya kwa kuanzia mahali pengine. Watu wa Standing Rock husema Mni Wiconi, nasi tumezoea kusema maji ni uhai. Hayo ni maneno yanayotafsirika bila kupoteza hata tone. Yaliyobaki yataka uangalifu.