Katani ya Nyika, Mikono ya Baharia

Ukishika njia ya Voi kwenda Taveta, ukifika Mwatate utaona mkonge umepangwa mistari kwa mistari mpaka macho yachoke. Bahari iko mbali, Mombasa ni kilomita 150 hivi kutoka Voi, lakini watu wa nyika tuna sababu ya kulitazama jahazi kama jamaa. Kabla ya nailoni kuenea, katani, yaani singa za mkonge, ilikuwa miongoni mwa kamba zilizoendesha vyombo vya pwani, pamoja na usumba wa nazi. Na chombo hakiendi bila kamba. Mtepe, chombo cha kale cha Lamu, ulishonwa kwa usumba tu, bila msumari.

Jani la mkonge lina singa asilimia 4 hivi. Lililobaki ni maji na makapi. Mashine iitwayo korona inaparua jani, singa zinaoshwa na kuanikwa kambani hadi zing'ae kama nywele za ajuza. Baada ya hapo ni kusokota, kazi ninayoweza kuitazama asubuhi nzima.

Lakini kamba huonyesha tabia yake ikifika baharini. Katani ikiloa hunenepa, hukakamaa na kufupika. Kamba iliyokazwa jioni juani, mvua ikinyesha usiku, itavuta kile ilichofungiwa mpaka kilalamike. Baharia mzoefu haingoji mvua. Akinusa wingu huzunguka na kulegeza kidogo hapa, kidogo pale, akipima kwa kiganja. Ikiisha kuloa, haikunji na kuitupa ngamani, maana itaoza. Ataitandaza kwanza ipigwe na upepo.

Tazama wanavyogeuza tanga. Ili kubadili upande, nahodha huupa upepo tezi, yaani nyuma ya chombo, si omo, mbele yake. "Legeza demani!" yaani kamba ya pembe ya tanga. Foromali, boriti inayobeba tanga, huvutwa hadi isimame karibu sawa na mlingoti, baharia akazunguka nayo demani mbele ya mlingoti, tanga likipiga kwa kishindo, akaifunga ubavu wa pili. Wakati huohuo mwenzake anahamisha kamba zinazoshikilia mlingoti, kwani zatakiwa upande upepo unakotoka. Hakuna anayekimbia ovyo. Mkono mmoja ukikosea, foromali nzito inabaki kuyumba juu ya vichwa vya watu.

Na hawa watu wanaishi humo humo. Katika safari ya kwenda Kiwayuu, mwisho wa visiwa vya Lamu, hakuna chumba cha kulala. Unajinyoosha juu ya shehena. Moto unakaa ndani ya sanduku la mchanga, maji ndani ya pipa, choo kinaning'inia nyuma juu ya bahari. Mwaustralia Alan Villiers aliishi hivyo mwaka 1938 na 1939 ndani ya bumu la Kuwait lililoitwa Bayan, hadi Rufiji kufuata boriti. Mgeni huona fujo ya kamba sitahani. Sivyo: kila ncha ina mahali pake, na usiku wa giza mkono unaifikia bila kuuliza. Mimi huo ndio unadhifu ninaouheshimu, kuliko wa nyumba nyingi.

Nailoni haiozi, nayo ni imara zaidi. Simlaumu nahodha aliyeichagua. Ila inateleza. Mafundo yaliyoshika vizuri kwenye katani yalianza kufunguka yenyewe, ikabidi mabaharia waongeze mzunguko mmoja kwenye fundo.