Neno la Mwisho ni la Nani? Mtangazaji, Maoni Binafsi na Msikilizaji katika Redio ya Kiswahili Nchini Kenya

Uhakiki wa fasihi simulizi nchini Kenya umeshughulikia kwa kina ngano, methali, vitendawili na nyimbo za jando, lakini haujampa nafasi ya kutosha msemaji ambaye Wakenya wengi wamemsikiliza kuliko mtambaji yeyote, yaani mtangazaji wa redio. Huyu huketi mbele ya kipaza sauti, akacheza wimbo, akataja matokeo ya kandanda, kisha akasema jinsi anavyouona ulimwengu. Maneno yake aghalabu huhesabiwa kuwa porojo za kujazia nafasi iliyopo kati ya muziki na taarifa ya habari. Makala haya yanashikilia kwamba maoni hayo ni utanzu wenye kanuni zake, na kwamba thamani yake haipimwi kwa ujasiri wa mtangazaji katika kusema "mimi". Hupimwa kwa swali moja: neno la mwisho ameachiwa nani?

Ili hoja hii ieleweke, hapana budi kuanza na mazingira ya utangazaji wenyewe. Mwaka 1964 serikali ya Kenya huru ilitaifisha shirika la utangazaji lililorithiwa kutoka enzi ya ukoloni, likaitwa Sauti ya Kenya. Mwaka 1989 likawa tena Shirika la Utangazaji la Kenya, yaani KBC. Hadi Capital FM ilipoanza kusikika jijini Nairobi mwaka 1996, redio ya nchini ilikuwa redio ya dola. Mtangazaji alikuwa mtumishi wa serikali. Sauti yake iliingia katika nyumba za nchi nzima, lakini hakuwa na ruhusa ya kusema "mimi naona" kuhusu kila jambo. Swali la kifasihi basi ni hili: mtu aliyebanwa asitumie nafsi ya kwanza hutoa maoni yake kwa mbinu gani?

Jibu la kwanza limo katika Je, Huu ni Ungwana?, kipindi alichokianzisha Leonard Mambo Mbotela mwaka 1966 na kilichodumu kwa zaidi ya nusu karne. Muundo wake ni mwepesi kuelezeka. Mtangazaji alisimulia tabia fulani ya kila siku yenye kukera, akaichora hata msikilizaji akaiona, kisha akauliza swali ambalo ndilo jina la kipindi. Mhakiki wa haraka ataliita swali hilo tashtiti, kwa kuwa jibu lake lilijulikana kabla halijaulizwa. Lakini kuliita hivyo na kuliacha hapo ni kupoteza nusu ya maana yake. Tashtiti ya shairi huishia kwenye mshororo. Swali hili liliachwa sebuleni. Kipindi kilipokwisha, mume, mke, watoto na mgeni walibaki wakitazamana, na huenda mwenye kosa lililotajwa alikuwa miongoni mwao. Hukumu waliitoa wao. Umbo hili si geni katika fasihi simulizi. Ndilo umbo la kitendawili, ambacho hakikamiliki bila mteguaji, na ndilo umbo la ngano za mtanziko, ambazo mtambaji huzikomesha kwa kuitaka hadhira iamue ni nani mwenye haki.

Neno "ungwana" lenyewe lina historia ambayo kipindi hiki kiliigeuza. Katika miji ya kale ya pwani mwungwana alikuwa mtu huru wa kuzaliwa, mwenye nasaba inayojulikana, na kinyume chake kilikuwa mtumwa. Ungwana ulikuwa cheo kabla haujawa adabu. Mbotela alizaliwa mwaka 1940 katika jamii ya Freretown, Mombasa, makao yaliyoanzishwa na wamishenari katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Alikuwa wa ukoo uleule uliomtoa James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa (1934). Neno ambalo lingewafungia mlango wazee wa jamii hiyo likawa, kinywani mwa mtoto wao, kipimo ambacho mtu yeyote wa kabila lolote angeweza kukifikia kwa mwenendo wake. Mageuzi hayo hayakuhitaji hotuba. Yalitokana na swali lililorudiwa mwaka baada ya mwaka.

Hata hivyo, sifa hizi zisimfumbe macho mhakiki. Swali la ungwana lilibisha hodi kwa jirani, kwa mgeni na kwa abiria. Halikubisha hodi kwa mwenye mamlaka. Katika nchi iliyokuwa ya chama kimoja kwa vitendo tangu mwaka 1969, na kwa sheria tangu Juni 1982, adabu ilikuwa mojawapo ya nyanja chache ambamo lawama ingeweza kutolewa hewani bila hatari. Tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi wa anga waliojaribu kuipindua serikali walimlazimisha Mbotela kutangaza habari zao redioni. Tukio hili hukumbukwa kama kisa cha kisiasa, lakini lina funzo kwa uhakiki pia. Waasi walikuwa na bunduki na walikwisha kukishika kituo, na bado walihitaji sauti inayoaminiwa. Imani hiyo haikujengwa na matangazo ya serikali peke yake. Ilijengwa na maongezi ya adabu na ya kandanda. Siku hiyo sauti ilikuwa yake na maneno yalikuwa ya wengine. Pengo lililodhihirishwa na mtutu wa bunduki lilikuwapo, kwa kiasi kidogo, kila siku katika redio ya dola.

Kandanda ndiyo njia ya pili ambayo maoni yalipitia, na Mbotela huyohuyo alikuwa mmoja wa watangazaji wake mashuhuri. Kwa juujuu, kutangaza mchezo ni kinyume cha kutoa maoni, maana mtangazaji husema tu yanayotendeka. Lakini msikilizaji wa redio hauoni uwanja. Anachokiona ni vitenzi. Mchezaji anayeambaa na mpira ukingoni siye anayechanja mbuga. Kipa aliyeudaka mpira siye aliyeponyokwa nao ukamrudia miguuni. Kila kitenzi kina hukumu ndani yake, na lakabu ni hukumu iliyofupishwa zaidi. Mahmoud Abbas, mlinda lango wa Harambee Stars katika enzi ambapo Kenya ilitwaa Kombe la CECAFA mara 3 mfululizo, 1981 hadi 1983, alijulikana kama Kenya One. Hiyo ni insha nzima ya sifa kwa maneno mawili.

Lakini mtangazaji wa kandanda naye hana neno la mwisho. Mchezo humsahihisha. Akimsifu mshambulizi, dakika moja baadaye mshambulizi huyo anaweza kumwumbua kwa kupaisha mpira juu ya lango lililo wazi. Kelele za mashabiki nazo ni matini ya pili inayosikika nyuma ya maneno yake, na msikilizaji huzilinganisha hizo mbili. Mwaka 1987, Gor Mahia walipotoka sare ya 1-1 na Espérance ya Tunisia uwanjani Kasarani baada ya sare ya 2-2 ugenini, Kombe la Washindi la Afrika lilikuja Kenya kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Sare yenye kuleta kombe haijielezi yenyewe kwa msikilizaji asiyeijua kanuni hiyo. Hapo maoni yanahitaji maarifa, na mtangazaji asiyekuwa na maarifa hufunikwa na kelele za uwanja.

Ushabiki wa wazi uliokuja baadaye, hasa kuhusu ligi ya Uingereza, umeshutumiwa na wengi kuwa umeua utangazaji wa haki. Shutuma hii haina budi kuchujwa. Mtangazaji anayejitangaza kuwa shabiki wa Arsenal na kuwacheka wa Manchester United amejiingiza katika mkataba ambao jamii za Kiswahili zinaujua vizuri, yaani utani. Mtani ana ruhusa ya kusema yasiyosemwa na wengine, lakini ruhusa hiyo ina sharti: anayetaniwa ana haki ya kujibu, na mtani hana haki ya kununa. Pale mtangazaji anaposoma majibu ya mashabiki aliowacheka Jumamosi, na kuyasoma kwa sauti ileile ya furaha timu yake inapofungwa, sanaa ya utani imetimia. Anaponyamaza juma ambalo timu yake imeshindwa, kilichobaki ni kejeli ya mwenye kipaza sauti dhidi ya asiyekuwa nacho.

Katika muziki jambo hili lina sura nyingine. Vipindi vya salamu vya redio ya taifa vilimpa msikilizaji neno la kwanza: ndiye aliyeandika kadi, akataja jamaa na marafiki, akachagua wimbo. Mtangazaji alikuwa mjumbe, na maoni yake yalijificha katika namna alivyoyatamka majina. Fred Obachi Machoka, aliyepata umaarufu zaidi kwa kipindi cha rumba cha Roga Roga katika Radio Citizen, anawakilisha aina nyingine, ya mtangazaji mjuzi. Wasikilizaji wengi wa Kenya wanaipenda rumba ya Kongo pasipo kukijua Kilingala. Mtangazaji anapowaeleza maudhui ya wimbo na habari za mwanamuziki, maoni yake yanakuwa pia tafsiri, na tafsiri hiyo wengi wao hawawezi kuikagua. Hakuna mahali ambapo mtangazaji ana mamlaka makubwa zaidi ya hapa. Kinachomwokoa msikilizaji ni wimbo wenyewe, ukiachwa upigwe hadi mwisho. Baada ya maelezo yote sebene huja, na mwili wa msikilizaji huamua kama sifa zilizotangulia zilistahili. Mtangazaji yeyote anayezungumza juu ya sebene ametwaa nafasi isiyo yake.

Baada ya 1996, na hasa vituo vya Kiswahili vilipoongezeka, nafsi ya kwanza iliachwa huru, kisha ikawa bidhaa. Katika Radio Jambo, Gidi na Ghost waliongoza kwa miaka mingi kipindi cha asubuhi ambacho mvuto wake mkubwa ni watu wenyewe. Gidi alikuwa nusu ya kundi la Gidi Gidi Maji Maji, ambalo wimbo wake Unbwogable ulivuka mwaka 2002 kutoka kumbi za burudani hadi majukwaa ya kampeni. Jacob "Ghost" Mulee ndiye kocha aliyeiongoza Harambee Stars katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Tunisia mwaka 2004, ambako iliishinda Burkina Faso 3-0. Watu hawa wakizungumzia muziki au timu ya taifa, maoni yao hugeuka ushuhuda. Hapo pana faida, maana msikilizaji hupata maarifa ya aliyekuwapo. Pana hatari pia, kwa sababu ushuhuda hauna rufani: shabiki wa Kakamega atambishiaje aliyeketi kwenye benchi la timu?

Sanaa ya kipindi kama hicho imo katika kuwa na watu wawili. Mwenzake mtangazaji ndiye msikilizaji wa kwanza, anayecheka, anayepinga, anayeuliza ambalo shabiki wa Kakamega angeuliza. Umbo hili ni la majibizano, jamaa wa ngonjera na malumbano ya washairi, na hufaulu pale tu wawili hao wanapotofautiana kwa kweli. Wakikubaliana katika kila jambo, msikilizaji amefungiwa nje. Simu inayopigwa studio haitoshi kumrudisha ndani, kwa kuwa mwenye kituo ndiye anayeipokea na ndiye anayeikata. Tofauti na swali la ungwana, ambalo lilimrudia msikilizaji akiwa kwake, simu nyingi za asubuhi humfanya awe mtazamaji wa kesi ya mtu mwingine. Patanisho, sehemu ya kipindi hicho inayowapatanisha wapenzi waliokosana, huonyesha tofauti hiyo waziwazi. Kisa cha ungwana kilimsema mtu asiyetajwa ili kila mtu ajikague; kisa cha Patanisho kina sauti ya mwenyewe, na ni rahisi kwa msikilizaji kucheka kisha akaendelea na kazi zake.

Yako maoni mawili yaliyozoeleka kuhusu historia hii. La kwanza husema kwamba watangazaji wa zamani walikuwa na adabu na wa sasa hawana. La pili husema kwamba wa zamani walikuwa vibaraka wa dola na wa sasa ni watu huru. Yote mawili yanampima mtangazaji na kumsahau msikilizaji. Swali la ungwana lilizaliwa katika kubanwa, na bado lilimwachia msikilizaji kazi ya kufikiri. Uhuru wa baadaye ulileta mada ambazo Sauti ya Kenya isingezigusa, na hilo ni pato lisilopaswa kudharauliwa. Lakini mtu huru kusema siye lazima mtu anayesikiliza. Ubora umepatikana katika enzi zote mbili pale mtangazaji alipotoa hoja yake kikamilifu kisha akakubali kujibiwa, iwe na jirani, na mchezo, na wimbo au na mwenzake studioni.

Uhakiki wa namna hii unahitaji matini, na matini ya redio hupotea hewani yasiponaswa. Mbotela alifariki Februari 2025. Swali lake limeingia katika lugha ya kila siku, hata vijana wasiowahi kukisikia kipindi hulitumia kwa mzaha. Lakini msemo uliobaki bila kisa kilichoutangulia ni kama jibu la kitendawili ambacho kimesahauliwa. Idara za fasihi zina wajibu wa kuzikusanya kanda, kuyanukuu mazungumzo ya vipindi vya muziki na michezo, na kuyasoma kwa makini yaleyale wanayoyapata wanafunzi wa tenzi na riwaya. Kazi hiyo isipofanywa, vizazi vijavyo vitarithi majina ya watangazaji na sifa zao, pasipo kuwa na njia ya kuamua kama walizistahili.