Njaa Iliyobaki Nje ya Jukwaa

Shuleni nilifundishwa vita vya Maji Maji kwa sentensi moja: watu walipewa maji wakaamini risasi hazitawadhuru, wakafa. Darasa zima tulicheka. Mwalimu pia. Juni 2024, nikiwa katikati ya jiji na simu mkononi, niliacha kucheka. Tulikuwa tumeambiana kwamba tukirekodi kila kitu na kubeba bendera, hakuna atakayetufyatulia risasi. Si hayo ndiyo yalikuwa maji yetu?

Baadaye nikarudi kwa Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotoka 1969. Kilichonishtua ni kwamba haianzi na maji. Inaanza na njaa. Mke wa Kinjeketile na mke wa Kitunda wanaongea kuhusu chakula kilichoadimika, maana waume wanalimishwa shamba la Mjerumani badala ya kulima lao. Na historia iko upande wa Hussein: Julai 1905 Wamatumbi walianza kwa kung'oa pamba, zao walilolazimishwa kulima. Maji yaliwaunganisha watu ambao hasira walikuwa nayo tayari. Mtu akikwambia waliasi kwa sababu ya ujinga, muulize nani angekula hiyo pamba.

Hussein hampambi shujaa wake. Kinjeketile anayatilia shaka maneno aliyoyatamka akiwa amepagawa na Hongo. Ile ahadi kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said inamtisha: ni kumtoa bwana mmoja na kumweka mwingine. Anataka watu wangoje, wajipange. Lakini neno limeshatoka, na watu hawangoji. Sijasoma mahali pengine palipoeleza vizuri hivi jinsi uasi unavyomponyoka aliyeuanzisha.

Ugomvi wangu uko mwishoni. Kinjeketile wa historia alinyongwa Agosti 1905, vita vikiwa bado vichanga. Wa Hussein anaishi mpaka anaona watu wake wakishindwa, na akiwa mfungwa anakataa kusema maji yalikuwa uongo. Akikana, watoto wa kesho wataambiwa kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Hapo nilisisimka, sikatai. Halafu nikajiuliza: wale wanawake wa mwanzo wameenda wapi? Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na wapo wanahistoria wanaokadiria kwamba waliokufa walifika 300,000, wengi wao kwa njaa. Tamthilia iliyoanza na chungu kitupu inaishia kwenye neno la mwanamume mmoja.

Najua nitakavyojibiwa: mwaka 1969, miaka minane tu baada ya uhuru wa Tanganyika, mwandishi alihitaji kuonyesha mbegu, si makaburi. Sawa. Lakini rafiki yangu niliyekuwa naye Juni ile bado anatembea kwa magongo, na mama yake anauza sukuma wiki ili alipe kliniki. Mswada wa Fedha uliondolewa, tukashangilia, tukaandika kwamba historia imebadilika. Ilibadilika kweli. Ila katika yote tuliyoandika, huyo mama hayumo. Mimi pia sikumwandika, mpaka leo.

Kwa hivyo isomeni Kinjeketile, hata kama mtihani uliwaharibia hamu. Ukifika mwisho, usiifunge haraka. Bado kuna onyesho moja ambalo halijaandikwa: vita vimeisha, mashamba ni majivu, na mke wa Kinjeketile anatafuta cha kupika.