Makambako na Njombe wanatembea tayari, mipango ndiyo haijaanza

Mada ya kutembea na baiskeli ikiingia kwenye mazungumzo ya mipango miji, neno la kwanza kutamkwa ni "kuhamasisha". Wananchi wahamasishwe watembee. Vijana wahamasishwe wapande baiskeli. Halafu inafuata jogging ya Jumamosi asubuhi, fulana zinagawiwa, picha zinapigwa, na Jumatatu mambo yanarudi palepale.

Mimi nadhani neno lenyewe ndilo lililotupoteza. Simama dakika kumi pale Makambako, barabara ya Songea inapoachana na ile ya Dar es Salaam na Tunduma, uangalie watu wanaopita. Wanafunzi, mama mwenye ndoo ya nyanya, fundi aliyefunga mbao kwenye keria ya baiskeli. Nani kati yao anahitaji kuhamasishwa? Ripoti ya UNEP na UN-Habitat ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba Mwafrika anatumia wastani wa dakika 56 kwa siku akitembea au kuendesha baiskeli kwenda kwenye shughuli zake. Huo ni muda mrefu kuliko wastani wa dunia. Hamasa tunayo ya kutosha. Kinachokosekana ni mahali pa kukanyaga.

Makambako ni mji uliozaliwa na njia. Barabara ya TANZAM inapita katikati yake, reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 inapita humohumo, na barabara ya kwenda Njombe na Songea inaanzia hapo. Kwa biashara ni baraka. Kwa mtoto ambaye nyumba iko upande mmja na shule upande wa pili, ni jambo jingine kabisa. Malori ya kwenda Zambia na Kongo hayajaja Makambako kutembea, yanapita.

Sasa tuingie kwenye fizikia, maana ndiko kunakoumiza. Mwendo unaoruhusiwa kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa. Tuseme lami imelowa, na dereva anachukua sekunde moja na nusu kushtuka kabla ya kukanyaga breki. Kwa mwendo huo gari litasimama baada ya mita 45 hivi. Kwa kilomita 80 kwa saa litahitaji mita kama 95, na lori lenye shehena huzidi hapo. Ongeza ukungu wa mikoa yetu ya nyanda za juu, ule ambao asubuhi hauoni hata bango la duka la jirani, kisha uniambie mtoto atavukaje kwa "kuangalia kulia, kushoto, kulia tena".

Nishati ya gari huongezeka kwa mraba wa mwendo. Kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa, nishati inapanda mara 1.7 hivi. Lakini mwili wa binadamu hauvumilii kwa hesabu hiyo. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hatari ya mtembea kwa miguu kufa akigongwa na uso wa gari inapanda mara 4.5 kati ya mwendo huo na huu. Kwa hiyo tuta moja lililojengwa sawasawa linafanya kazi kuliko mabango kumi ya "Punguza Mwendo".

Twende Njombe, kilomita kama 60 kusini. Huko shida inabadilika sura kwa sababu mji umekaa kwenye vilima. Utasikia watu wanasema baiskeli haifai Njombe, ni ya kule tambarare. Tupige hesabu kidogo. Mtu wa kilo 70 kwenye baiskeli ya kilo 20 anapanda mlima wa mita 5 kwa kila mita 100, mwendo wa kilomita 10 kwa saa. Kushinda mlima peke yake kunamdai wati 123 hivi. Mtu wa kawaida ambaye hajafanya mazoezi anaweza kutoa wati 75 hadi 100 kwa muda mrefu. Kwa hiyo atashuka asukume, na wala siyo uvivu. Mpakie gunia la viazi la kilo 100: sasa anadaiwa wati 260 kama atakaa juu ya kiti, ila akisukuma kwa mwendo wa miguu inabaki karibu wati 100. Wale unaowaona wanasukuma baiskeli za mizigo wameshapiga hesabu hii kwa mapaja yao, hawakusubiri mwanafunzi wa shahada ya pili.

Lakini angalia hapa. Ukilegeza mwinuko kutoka mita 5 hadi mita 3, yule asiye na mzigo anadaiwa wati 74 tu kwa mlima huohuo. Njia inakuwa ndefu kidogo, mapafu yanapumua. Na njia za miguu za zamani ndivyo zilivyo: zinazunguka ubavu wa kilima na kutafuta mwinuko mpole, kwa sababu zilichorwa na nyayo za watu waliobeba vitu.

Kisha wanakuja wapimaji wa viwanja. Upimaji ni jambo jema, hati ni usalama wa familia. Ila ramani ya mipango mara nyingi inapenda mistari iliyonyooka. Barabara inapanda kilima wima, viwanja vinapangwa kandokando, na ile njia iliyozunguka ubavu inamezwa na kiwanja namba fulani. Mwenye kiwanja anajenga uzio, ni haki yake. Kesho yake bibi aliyekuwa anafika kanisani kwa dakika kumi anazunguka nusu saa, au anapanda bodaboda. Hapo ndipo tunaanza kushangaa mbona watu hawatembei siku hizi. Ramani ile haikuonyesha njia ya miguu kwa sababu hakuna aliyeulizwa inapita wapi, na kwenye picha ya setilaiti inaonekana kama mstari wa vumbi tu.

"Si wananchi walishirikishwa?" Ndiyo, kwa karatasi. Tuna utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao unataka mtaa uibue vipaumbele vyake. Sina ugomvi na wazo hilo, ni zuri mno. Ugomvi wangu ni kwamba linaibua majengo: darasa, zahanati, ofisi ya mtendaji. Njia ya miguu yenye mita mia nne haina jiwe la msingi la kuzindua. Na hata mtaa ukiitaja, itapelekwa kwa nani? Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Nyingi kati ya zilizobaki, tangu mwaka 2017, ni za TARURA. Reli ni ya TAZARA. Viwanja ni vya halmashauri. Mtu anayetembea kilomita mbili Makambako anaweza kukanyaga ardhi ya taasisi zote nne bila kukutana na hata moja inayomhesabu. Kila moja ina mpango wake na bajeti yake, na diwani anabaki kupiga simu.

Usiniambie nafasi hakuna. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipa barabara kuu hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati. Watu waliwekewa alama ya X kwenye nyumba zao kwa ajili ya mita hizo. Njia ya miguu pamoja na ya baiskeli zinahitaji mita nne, tano. Kama ardhi imeshachukuliwa kwa jina la umma, umma wenye miguu nao ni umma.

Wala haihitaji fedha za mwendokasi. Shirika la Amend lilifanya mradi wa SARSAI kuzunguka shule za msingi za Dar es Salaam: wanakwenda shuleni, wanauliza watoto wameumia wapi, wanafuata njia wanazopita, kisha wanajenga vitu vidogo. Tuta, kivuko, njia ya pembeni, nguzo za kuzuia magari, wakati mwingine kuhamisha tu geti la shule kutoka barabara kubwa. Majeruhi walipungua kwa zaidi ya robo, na mwaka 2019 mradi huo ukashinda tuzo ya miji ya WRI Ross. Angalia walianza na nini: swali kwa mtoto.

Hilo unaweza kulifanya kwenye mtaa wako wiki hii. Chagua sehemu moja ya kuvuka, kaa dakika 15 asubuhi watoto wanapokwenda shule, hesabu waliovuka kwa miguu, kwa baiskeli, na magari yaliyopita. Rudia jioni, siku tatu. Chora kwenye karatasi njia ya mkato inayotumika, ukiandika inaanzia kwa nani na inatokea wapi, kabla mpimaji hajafika. Peleka kwa mtendaji wa mtaa, uombe iandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, na ubaki na nakala.