Jaribio la t na Kiswahili cha Mbeya na Iringa

Mtu atakaye kulinganisha Kiswahili cha wanafunzi wa Mbeya na cha wenzao wa Iringa hukimbilia jaribio la t la sampuli mbili huru. Huwapa mtihani mmoja wa upatanisho wa ngeli, hutafuta wastani wa makosa kila upande, kisha huipima nadharia tete sifuri, yaani ile isemayo kwamba wastani hizo mbili hazipitani. Hesabu ni nyepesi. Taabu imo katika neno “huru”. Wala si taabu ndogo, maana mwisho wake huwa kauli kwamba watoto wa mkoa fulani wana Kiswahili kibovu.

Wanafunzi 40 wa darasa moja si mashahidi 40. Wamefundishwa na mwalimu mmoja, na kosa lake limekuwa lao wote. Chukuliwe madarasa matano ya namna hiyo kila mkoa, kila moja la shule yake, yaani wanafunzi 200 kwa 200. Ikiwa moja ya tano ya mtawanyiko wa makosa yatokana na tofauti ya darasa na darasa, mtawanyiko wa wastani huwa mara 8.8 ya ule uliodhaniwa. Wale 200 hubaki na uzito wa watu 23 hivi, na t ya 4.5, ambayo ingeshangiliwa, hushuka hadi karibu 1.5. Nadharia iliyokwisha kuzikwa hufufuka. William Gosset, aliyelitoa jaribio hili mwaka 1908 kwa jina la Student, alikuwa mtumishi wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin. Naye alijua vyema kwamba vipande vya shamba vinavyopakana hushiriki rutuba moja.

Kwa mwanaisimu kuna tatizo jingine, nalo ni mipaka. Kisangu husemwa Mbarali, mkoani Mbeya, lakini Guthrie alikiweka katika kundi la G60 pamoja na Kihehe na Kibena. Kinyakyusa cha Rungwe, chenye irabu saba, kimo M30. Tena Njombe ilitengwa na Iringa mwaka 2012, na Songwe ikatengwa na Mbeya mwaka 2016.

Jaribio lenyewe lisitupwe. Mwenye kuufanya wastani wa kila shule kuwa kipimo kimoja, akapanga shule kwa lugha ya nyumbani badala ya mkoa, aweza kulitumia kwa haki. Kwa shule tano kwa tano, katika kiwango cha 5%, atahitaji t ipitayo 2.306. Asipoifikia, asitangaze kwamba pande mbili ni sawa. Shule kumi haziwezi kulisema hilo.